Santuri Isiyoandikwa Kasi

9 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima na yale mafua yameshakuacha. Sisi tupo. Baba yupo na ubishi wake. Goti linamsumbua asubuhi, likishapata joto analisahau, anaanza kupanga kabati la jikoni kana kwamba hajastaafu, bado ni mtunza ghala wa hospitali. Jana ameandika tarehe kwenye kopo la chumvi. Nilipomwambia chumvi haiozi, akasema hayo ni maneno ya watu wasio na utaratibu.

Kazi ninayo ya kumwaga. Joto likipanda friji za watu zinakufa, na mimi ndiyo nakula. Lakini nimechoka, Shangazi, na si uchovu wa mikono. Nikiamka naona siku imeshapangwa yote kabla sijaweka mguu chini, na ya kesho yake vilevile. Kuna siku natamani nipige kelele katikati ya jiko la mteja, basi tu, bila sababu.

Sasa sikia. Nikiwa kazini navaa hedifoni. Simu yangu ina ile programu ya muziki ambayo wimbo wako ukiisha inakuchagulia mwingine yenyewe. Mwaka jana ilinitupa kwenye panki, ule muziki wa magitaa machafu na watu wenye hasira, wimbo dakika mbili umekwisha. Sikuupenda, halafu nikaona siwezi kuuacha. Nimeanza kufukua za zamani, zile ambazo hakuna anayezisikiliza. Wiki iliyopita, nikiwa nimelala chini nyuma ya friji ya bucha, ukaingia wimbo unaitwa "Pisha Mlangoni". Bendi ni Misumari. Picha ni lebo ya santuri iliyopigwa kombo, mwimbaji hajulikani, na waliousikiliza hawafiki mia. Mwanamume ana sauti nzito, anaimba taratibu mtu ampishe njia, la sivyo atapita na mlango. Nimeurudia mpaka mwenye bucha akaniuliza kama friji yake inakufa kweli au naiombea.

Miaka hiyo wewe ulikuwa mjini huku, unafanya kazi kiwanda cha nguo. Hukuwahi kuwasikia hawa Misumari? Nimekupigia mara tatu kukuuliza, na kama kawaida yako hupokei.

Nakusalimu sana,
Binti wa kaka yako

*

2 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mafua yamekwisha, yamebaki matatizo. Nimepata kazi ya mapazia ya ofisi moja, madirisha thelathini na sita na hakuna mawili yanayolingana. Aliyejenga lile jengo alikuwa anapima kwa macho. Nashona, nafumua, nashona tena.

Simu usinipigie. Nimeshakwambia simu na mimi hatuelewani. Ukiwa na neno, andika, unajua naandika kujibu.

Baba yako mpe pole ya goti. Linamuuma sana? Linamuuma akikunja au akinyoosha? Niandikie vizuri, nataka kujua.

Hayo ya panki siyajui. Miaka ile vijana walipiga kelele nyingi, na kiwandani kulikuwa na kelele za kutosha, sikuhitaji za ziada. Misumari ninaowajua ni wa seremala. Wewe una miaka thelathini na minne na kazi safi mkononi, achana na kufukua vitu vya watu waliokwisha kuvitupa. Kama umechoka, pumzika. Kama kupumzika hakusaidii, badilisha kazi. Usitafute dawa ya roho nyuma ya friji ya bucha.

Kula vizuri. Umekonda kwenye ile picha uliyonitumia.

Shangazi yako

*

20 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Hatujambo. Goti linamuuma akikunja. Nimemwambia umeuliza, akaenda kukaa uani. Sijui nimesema nini.

Nakwenda moja kwa moja, kwa sababu sijatulia tangu Jumamosi.

Ule wimbo ulinisumbua kifundi. Mimi kazi yangu ni kusikiliza mota. Nikiingia nyumbani kwa mtu, kabla sijafungua kitu najua kama kompresa inazunguka sawasawa au inapata umeme mdogo. Sasa ngoma za "Pisha Mlangoni" zinaburuta. Mpigaji si mchovu, mikono yake ni ya mtu mwenye haraka, ila kila kitu kinafika kimechelewa. Nikasema hii mashine iliyonakili ilikuwa inazunguka polepole.

Kuna mzee mmoja ana duka la santuri juu ya kinyozi, anaitwa Mzee Santuri na wala hakasiriki. Nilimwuliza kuhusu Misumari, akakaa chini. Anayo. Aliipata kwenye maboksi ya kituo cha redio kilichofungwa. Ni santuri ndogo, wimbo huu upande mmoja, "Zamu ya Pili" upande wa nyuma, na wakusanyaji wanaitafuta kila pembe. Kumbe yeye ndiye aliyeuweka wimbo mtandaoni. Nikamtengenezea friji yake inayovuja tangu enzi, akanipa ruhusa ya kuishika.

Kwenye lebo wamegonga muhuri wa kawaida wa ofisini, jina la bendi na la wimbo. Kasi haikuandikwa popote. Yeye akaona imepindapinda, akaichezesha polepole, mizunguko thelathini na tatu kwa dakika, na dunia nzima ikaisikiliza hivyohivyo. Niliweka mkono kwenye swichi nikaisukuma mpaka arobaini na tano. Akapiga kelele nitaiharibu.

Yule mwanamume alitoweka, Shangazi. Ilikuwa sauti ya mwanamke. Kijana, mkali, anakata neno "pisha" mwishoni kana kwamba analiuma.

Siku ya mazishi ya Mama, watu waliposukumana tukakosa njia, wewe ulitoka nyuma ukasema "Pisheni" mara moja tu, na watu mia mbili wakapisha. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukuona, na nilikuwa nalia, lakini ile sauti sijaisahau. Hilo neno ni lilelile na mwisho wake ni uleule.

Ni wewe. Usinijibu habari za mapazia.

Nimekutumia flashi yenye wimbo kwa kasi yake ya kweli, jirani yako mwenye redio atakuwekea. Na kuna jambo la haraka. Kampuni moja ya ng'ambo inataka kuichapa upya santuri hii mwezi wa nane. Wamempata mpiga besi wa zamani, wanamwita Mbao, naye amewaambia mwimbaji alikuwa yeye na kwamba kasi sahihi ni ile ya polepole. Kwa kuwa lebo haisemi, wanamwamini. Wewe wanakufuta.

Binti yako

*

30 Aprili

Binti wa kaka yangu,

Nimepokea bahasha yako ikiwa imechanika pembeni. Siku nyingine tumia bahasha ngumu.

Mapazia nimeyamaliza na utaniwia radhi nikiyataja, maana ndiyo yanayonilisha. Shingo inaniuma, mengine mazima.

Nimesoma hadithi yako. Umeingia duka la mtu ukasukuma swichi, ukasikia mwanamke, ukaamua ni shangazi yako. Ukisukuma tena mpaka sabini na nane utasikia mtoto mchanga, sijui huyo atakuwa nani wetu. Wanawake wenye sauti walikuwa wengi mjini. Mimi nilikuwa mfumaji, naingia saa nane mchana natoka saa nne, nikifika ni kulala. Mambo ya bendi yanahitaji watu wenye nafasi.

Unapenda sana kusema unajua vitu kwa kuvisikiliza. Basi macho nayo uyatumie. Ule haukuwa muhuri wa ofisini. Muhuri wa ofisini una kingo safi. Ule ulichongwa kwa wembe kwenye soli ya kandambili, ndiyo maana herufi "M" ina mguu mmoja mnene na wino umetapakaa chini. Fundi mzima huoni kitu kama hicho.

Huyo Mbao mwache. Mzee wa watu, kama wimbo unampa furaha, wewe unapungukiwa nini?

Mwambie baba yako akande goti kwa maji ya moto. Au asikande, shauri yake.

Shangazi yako

*

11 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo, na leo naitoa nikicheka peke yangu jikoni.

Nilirudi kwa Mzee Santuri na kioo cha kukuzia. Mguu wa "M" ni mnene. Wino umetapakaa chini. Mtu aliyekuwa akitoka zamu ni kulala tu amejuaje kandambili?

Usikunje barua hii. Kuna mawili ya kukuambia na yote hutayapenda.

La kwanza, nimewaandikia wale wa kampuni. Niliwaandikia kabla hujajibu. Nimewaambia mwimbaji ni shangazi yangu, yuko hai, na wimbo unachezwa mizunguko arobaini na tano. Najua sikukuomba ruhusa. Ningekuomba ungekataa. Wamejibu kwa adabu: kila wiki mtu anawaandikia kwamba mwimbaji fulani ni ndugu yake, kwa hiyo wanataka uthibitisho. Uimbe mistari michache kwenye simu, wailinganishe. Mwisho ni tarehe thelathini na moja Julai, baada ya hapo wanachapa na jina la Mbao.

La pili ni Baba. Mzee Santuri alinikopesha mashine na santuri kwa siku moja, nikaiweka sebuleni Baba akiwa anakunywa chai. Sikumwambia kitu. Ulipoanza mstari wa kwanza aliinuka, akachomoa waya ukutani, akarudi kukaa, akamalizia chai yake. Nikamwuliza kulikoni. Akasema, "Hiyo ilipita wapi?" Nikasema ipi? Akasema, "Nilivunja mia mbili na kumi na moja. Hiyo ilipita wapi?"

Nimekaa naye nyumba hii maisha yangu yote na sikujua. Kule kwenye mtandao wanabishana kwa nini santuri hii ni adimu, wengine wanasema kiwanda kiliungua, wengine mafuriko. Kumbe mafuriko yanakaa sebuleni kwangu yanakunywa chai.

Niambie ilikuwaje. Na uimbe. Dakika moja tu, Shangazi.

Binti yako

*

25 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Wiki ya sita hii. Nimempigia mwenye nyumba wako, amesema u mzima, unashona, na barua yangu alikukabidhi mkononi. Kwa hiyo nimejua si posta.

Kama umekasirika nimewaandikia watu bila idhini yako, kasirika, ni haki yako, lakini kasirika kwa maandishi. Mimi na Baba hatuongei, kila mtu anapika chake. Juzi nimemjibu mteja vibaya mpaka akanifukuza kwake, friji yake iko wazi na vyombo vyangu vimebaki ndani. Nazunguka mjini na hedifoni nasikiliza dakika mbili zilezile. Sitafuti sifa za ukoo. Nataka kujua kwamba katika familia hii ya kuandika tarehe kwenye chumvi kuna mtu aliwahi kufungua mdomo, na kwamba mtu huyo hatafutwa nikiwa natazama.

Zimebaki siku thelathini na sita.

Mimi

*

3 Julai

Mwanangu,

Salamu zako nimezipata, na ugomvi wako pia. Nisamehe kwa kimya. Niliianza barua hii mara nne.

Ni mimi. Sasa umesikia kutoka kwangu, uache kuzunguka mjini.

Wazazi wetu walipofariki nilikuja kuishi kwa baba yako. Alikuwa na miaka ishirini na saba, mimi kumi na tisa, na alinilea vizuri, hilo lazima liandikwe kwanza. Alinitafutia kazi kiwandani. Alininunulia viatu kabla ya kujinunulia vyake. Lakini alikuwa anasimama mlangoni. Nikitaka kutoka amesimama, nikirudi amesimama, anauliza wapi, na nani, mpaka saa ngapi. Wimbo ule ni wake. Aliusikia nikiufanyia mazoezi chumba cha pili, na alijua ni wake.

Tulikuwa wanne, wote wafumaji. Mbao alipiga besi, na kwa kuimba alikuwa kichekesho, lakini alikuwa na moyo mzuri, hakukosa mazoezi hata siku moja. Tulijichangisha tukachapisha santuri mia tatu. Lebo zilikuja tupu. Nikachonga mihuri kwenye kandambili, nikagonga zote mia tatu kwa mkono wangu, pande mbili, na nikasahau kuchonga kasi. Kwa hiyo usimlaumu Mzee Santuri. Aliyenigeuza mwanamume ni mimi mwenyewe na kandambili yangu.

"Zamu ya Pili" ilimhusu msimamizi wetu kiwandani. Redio ikaipiga mara moja. Kesho yake msimamizi akaenda ghalani kwa baba yako, akaongea naye mbele ya watu. Nilipotoka kazini nilimkuta uani amekaa kwenye kigoda, amezitoa chini ya kitanda changu, anazivunja juu ya goti. Moja, moja. Alikuwa anazihesabu. Sasa unajua kwa nini huwa nauliza habari za goti lake. Akasema nikiimba tena nisirudi pale. Nikachukua begi.

Nilidhani nitaimba kwingine. Nikapata kazi kiwanda kingine, miaka ishirini na miwili katikati ya mitambo ya kufuma, na siku hizo hatukupewa kitu cha kuziba masikio. Watu watasema ni magitaa. Si magitaa. Sikio la kushoto liliondoka kwanza, la kulia likafuata miaka minane iliyopita. Siku ya mazishi uliniita nikiwa nimekupa mgongo, nikaondoka bila kukujibu, na uliniandikia ukiuliza umenikosea nini. Hukunikosea. Simu sipokei kwa sababu sijui inaita. Flashi yako iko kwenye droo ya vifungo. Sijui kuna nini ndani yake na sitajua.

Siwezi kuwaimbia. Nilijaribu. Nilimwita mke wa mwenye nyumba, anaandika vizuri, nikamwambia aniandikie nilivyosikika. Akafikiri kidogo, akaandika, "Kwa nguvu." Nimeshukuru, lakini hao hawawezi kulinganisha nguvu.

Mwachie Mbao. Mimi nilipiga kelele zangu, na watu wanane waliokuja kutusikiliza walipisha. Inatosha.

Usimwambie baba yako kuhusu masikio. Sitaki pole yake.

Shangazi yako

*

22 Julai

Shangazi,

Shikamoo.

Nimemwambia. Ninajua ulichoniandikia. Hili ni la pili nakukosea makusudi na nitakubali adhabu zote mbili kwa pamoja. Nilimsomea barua yako nzima, mpaka pale pa viatu, mpaka pale pa kuhesabu, mpaka mwisho. Aliniambia nirudie pale pa masikio. Nikarudia. Akauliza, "Yote mawili?" Akatoka akaenda kukaa uani, na chakula hakula.

Kesho yake asubuhi nilimkuta amevaa shati la kazi, lile lenye mfuko wa kalamu, na karatasi mbele yake. Akaniambia hao watu wanahitaji shahidi, si mwimbaji. Akasema shahidi yuko. Hiki ndicho alichoandika, nakinakili neno kwa neno, ya asili imeshakwenda:

"Mimi niliyetia sahihi hapa chini, mtunza ghala mstaafu, nathibitisha kwamba sauti iliyo kwenye santuri ya Misumari ni ya mdogo wangu wa kike. Nilimsikia akifanya mazoezi ya nyimbo hizo chumba cha pili kwa miezi mitano. Mbao nilimfahamu, alikula kwangu mara nyingi, na hakuweza kuimba. Kasi ni ile ya haraka. Santuri zilikuwa mia tatu. Mimi ndiye niliyevunja mia mbili na kumi na moja, kwa mkono wangu, siku moja. Niliogopa angefukuzwa kazi. Pia sikupenda alivyonisema. Sababu ya pili ndiyo kubwa. Nisingevunja sauti ya mtu nisiyemjua."

Nilipoipeleka, Mzee Santuri aliisoma amesimama, akavua miwani. Yeye mwenyewe aliituma, na picha ya mguu wa "M" pamoja na maneno yako ya kandambili. Jana wamejibu. Walimpigia Mbao wakamsomea. Akawauliza kama u hai. Wakamwambia ndiyo. Akasema basi ni wewe, alidhani hakuna aliyebaki wa kukumbuka, na akawaomba jina lake liandikwe penye besi.

Wanachapa jina lako, Shangazi.

Baba hajasema samahani, usiingoje. Lakini alipomaliza kutia sahihi alichukua karatasi nyingine, akasema hii ni ya kwako, ataiandika mwenyewe. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Leo Alhamisi. Kila asubuhi anavaa lile shati, anakaa mezani, na mpaka sasa ameandika "Mdogo wangu," na mkato. Nimemwambia nitaituma ilivyo. Hakunizuia. Imo humu ndani.

Binti yako

*

9 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo huku, mvua zimeanza na kitambaa hakikauki.

Umenikosea mara mbili, hesabu yangu na yako zinalingana. Adhabu nitaileta mwenyewe.

Kampuni wamenitumia mfano wa lebo. Jina langu lipo, herufi zote, na kasi wameiandika kubwa hata mtu asiye na miwani ataiona. Jina la Mbao liko chini yangu kidogo, na nimefurahi kuliona. Nimeibandika juu ya cherehani. Wateja wananiuliza ni nini, nawaambia ni risiti.

Karatasi ya kaka nimeipata. Maneno mawili na mkato, na huo mkato ameukandamiza mpaka umetoboa. Nimekaa nayo kuliko nilivyokaa na barua zako zote, usione wivu.

Nimekata tiketi ya Jumamosi. Mwambie aache kuhangaika na hiyo karatasi, anajichosha bure. Mwambie mimi sisikii kitu, kwa hiyo hana haja ya kutafuta la kuniambia.

Shangazi yako